Sahihi Tatu na Kitambaa cha Meza

Watu wakisikia kwamba kazi yangu ya kwanza ilikuwa kushona ndege, hucheka kwanza, halafu huniuliza kama nimesema vizuri. Nimesema vizuri. Nilishona ndege, zile za kupanda watu, kwa sindano na uzi, pale Nakuru katika miaka ya hamsini. Asiyeamini, shauri yake.

Ndege ndogo za wakati ule mabawa yake yalikuwa mifupa ya mbao iliyovishwa kitani. Kitani hicho kilishonwa kwenye mbavu za bawa kwa uzi uliopakwa nta, fundo baada ya fundo, kati ya fundo na fundo vidole vinne. Kisha kilipakwa dawa yenye harufu ya kupasua kichwa, na dawa ikikauka kitambaa kilikazika mpaka ukikigonga kinalia kama ngoma. Juu yake ikaja rangi ya fedha. Kazi hiyo haikutaka nguvu. Ilitaka mtu mwenye mishono midogo iliyolingana, na mimi nilikuwa na miaka ishirini na mmoja, nimetoka shule ya ushonaji ya misheni na mishono midogo kuliko wenzangu wote. Sijisifu. Mwalimu wetu alisema hivyo mwenyewe, naye hakuwa mtu wa kutoa sifa ovyo.

Kampuni iliyoniita ilikuwa ndogo: ndege mbili za kukodi, marubani watatu, fundi wa injini, banda la mabati na uwanja wa nyasi nje ya mji, upande wa Lanet. Ilibeba barua, madaktari, vifaranga wa siku moja ndani ya maboksi, na walowezi waliokuwa na haraka ya kufika Nairobi. Jumamosi na Jumapili ilibeba wageni waliotaka kuwaona heroe, wale ndege wa miguu mirefu wa Ziwa Nakuru, kutoka juu, wakiwa wametanda ukingoni na rangi yao ya waridi.

Mimi nilikuwa kibarua. Ndege ikichanika naitwa, isipochanika nakaa nyumbani. Na hapo ndipo shida yangu ilipokuwa. Baba yangu alikuwa fundi wa breki za mabehewa katika reli, nasi tulikaa landhi, zile nyumba za safu za wafanyakazi wa reli. Mwaka ule baba alikuwa anastaafu. Mwisho wa Septemba tulitakiwa kurudisha ufunguo na kupanda treni, familia nzima, kurudi kwetu magharibi. Ilikuwa wakati wa hali ya hatari iliyotangazwa na serikali ya kikoloni, na mtu asiye na barua ya mwajiri hakupata chumba mjini, hata angekuwa na mishono midogo namna gani. Kibarua hapewi barua.

Kila nilipofungua mdomo kuhusu kubaki, baba alinyoosha mkono wazi mbele yangu na kuuliza, "Barua iko wapi?"

Mama naye alikuwa ameanza kumtaja mwalimu mmoja wa huko nyumbani aliyefiwa na mke, mwenye ng'ombe wengi na watoto wanne. Alimtaja akiwa anachambua mboga, akamtaja akiwa anafua. Sikuwa na ugomvi na mwalimu huyo. Sikutaka tu kumpikia.

Basi tajiri wangu, mwenye kampuni, aliponiambia siku moja, "Ndege mbili mpya nakuja, na wewe tapata barua, kazi ya mwezi," nilirudi landhi nikitembea juu juu. Alikuwa mtu mnene, mwepesi wa hasira na mwepesi wa kusahau hasira hiyo, na Kiswahili chake kilikuwa kile cha walowezi, cha kumwagwa tu kama maharagwe kwenye gunia. Lakini alichosema nilikielewa. Ndege nne zingekuwa na mabawa mengi ya kuchanika. Ningeshona mpaka nizeeke.

Wiki ikapita, ikapita ya pili. Ndege hazikuja. Nikamuuliza fundi wa injini, mzee wa Kihindi mwenye kilemba, aliyejua kila jambo pale kwa sababu watu hawakuona haya kuzungumza mbele ya mtu aliye chini ya injini.

"Ndege iko tayari Nairobi," alisema. "Lakini wauzaji wanasema hivi: hatutoi kwa mkopo mpaka watu wa bima wakubali. Watu wa bima wanasema: hatukubali mpaka marubani wajifunge miaka miwili kwa mkataba. Ndege bila rubani ni banda la kuku tu. Sasa marubani wamejua tajiri anawahitaji. Wamekataa kutia sahihi."

"Wanataka nini?"

"Mambo matatu. Ngoja utasikia. Wanapiga kelele kila Jumatatu."

Kweli, kila Jumatatu baada ya chai ya saa nne, tajiri na marubani watatu waliketi kwenye meza ndefu ndani ya banda na kuvutana. Mimi nilikuwa nyuma yao, nimeinamia bawa langu. Walizungumza Kiingereza, na Kiingereza changu cha misheni kilitosha kunipa nusu ya maneno. Sharti la kwanza lilikuwa siku moja ya kupumzika kila wiki. Tajiri alilia kama mtu aliyeibiwa, lakini Jumatatu ya tatu akakubali. Sharti la pili lilikuwa kwamba miezi ya mvua hakuna kuruka alasiri juu ya mteremko wa Subukia, ambako upepo ulizitupa ndege huku na huku. Hilo nalo akalikubali, huku akipiga meza. Sharti la tatu lilikuwa jambo la ziwani, nalo ndilo lililokwama.

Nataka kusema ukweli kuhusu hisia zangu za siku hizo: niliwachukia wale marubani. Mkubwa wao alikuwa na masharubu na sauti ya kukwaruza. Wa pili alikuwa mwembamba, hana maneno, ana mke huko Gilgil. Wa tatu alikuwa kijana aliyezaliwa Njoro, akizungumza Kiswahili vizuri kabisa. Niliwaona watu watatu walioshiba, wamekalia barua yangu. Jumatatu ya tano sikuweza kujizuia. Nilimwendea yule kijana akivuta sigara nje ya banda.

"Bwana, kwa nini hamtii sahihi? Kalamu hamna? Nitawaletea."

Alicheka mpaka akakohoa. "Kalamu tunayo. Tajiri anataka tuwashushe wageni chini kabisa pale ziwani, wawaone heroe macho kwa macho. Hizo safari ndizo zinamletea faida, na ndizo zitalipa ndege mpya. Sisi hatutaki kujifunga miaka miwili ya kufanya hivyo."

"Kwani kuna nini huko chini?"

"Kuna heroe," alisema, na hapo akaitwa ndani.

Nilimfuata nikarudi kwenye bawa langu, na nikamsikia tajiri akinguruma, "Nionyesheni tundu moja! Moja tu!" Akawavuta marubani mpaka kwenye ndege iliyokuwa karibu nami, akapitisha kiganja juu ya bawa. Bawa lilikuwa laini, rangi ya fedha inang'aa, hakuna mahali palipoonyesha kwamba paliwahi kuchanika. Mwenye masharubu naye akapapasa, hakupata hata alama.

Ungedhani hapo ningejumlisha mambo. Sikujumlisha. Mimi nilisikia sifa tu. Nilijisemea moyoni, umeona mishono yangu, hata Wazungu hawaioni. Sikujua kwamba uzuri wa kazi yangu ndio uliokuwa ukiwanyima marubani ushahidi, na ukininyima mimi barua.

Sasa nieleze habari ya kitambaa. Pale misheni, mwalimu wetu alikuwa na sheria yake. Kila msichana alikuwa na kitambaa kimoja cha majaribio, na kila tundu alilojifunza kuliziba alilitia humo, halafu chini yake akatarizi kwa uzi mwekundu jina la kitu kilichochana: msumari, moto, panya, mwiba. Alisema nguo iliyozibwa vizuri haina haya, na anayeishona lazima ajue imeumizwa na nini. Tuliimba maneno hayo kila asubuhi kabla ya kushika sindano, yakaniingia damuni.

Kwa hiyo nilipokuwa nikitia kiraka kwenye bawa, kile kipande kilichochanika nilichokata sikukitupa. Nilikiloweka kwenye dawa ya kuyeyushia rangi niliyopewa na fundi, rangi ikatoka, kitani kikarudi laini. Nikaliziba tundu la kipande hicho kwa mshono mzuri, nikatarizi kwa uzi mwekundu jina la kilichochana, kama nilivyoambiwa nilipoitwa. Kisha nikaviunganisha vipande vyote kuwa kitambaa kimoja kikubwa, na pembeni nikatia maua. Kilikuwa zawadi ya mama, ya kutandika kitanda kwenye nyumba mpya. Nilikiweka pale kazini, ndani ya kabati la nyuzi, ili asikione kabla ya siku yake.

Jumatatu ya saba tajiri alifika mapema, amenyoa, amefunga tai. Bwana mmoja alikuwa anakuja kutoka Nairobi, mjumbe wa wauzaji na wa watu wa bima. Angekula chakula cha mchana na marubani, angeona sahihi zao, na ndege zingeachiliwa. Ikishindikana siku hiyo, ndege zingeuzwa kwa wengine. Kwetu landhi zilikuwa zimebaki siku tisa za kurudisha ufunguo, na baba alikuwa ameshafunga sufuria.

"Wewe taweka kitambaa kwa meza," tajiri aliniambia. "Mzuri. Mzuri sana!"

Ile meza ilikuwa ya kutengenezea injini. Kitambaa cha meza hakikuwepo, na hakuna aliyewahi kukihitaji. Nilitazama huku na huku, nikaona turubai lenye mafuta na gunia. Halafu nikakumbuka kabati langu. Nilijua mama angenisamehe. Nilikipiga pasi ya makaa, nikakitandaza, nikarudi nyuma hatua mbili kukitazama, na nawaambia, meza ile ilipendeza. Juu yake nikapanga sambusa za mke wa fundi, nyama baridi, mkate na vikombe.

Bwana wa Nairobi aliketi. Alikuwa mtu wa miwani, mwenye adabu. Alikula sambusa ya kwanza, akachukua ya pili, na alipoisogeza sahani karibu yake aliona maandishi mekundu.

"He-ro-e," alisoma. Akasogeza kikombe. "Heroe." Akainua mkate. "Heroe tena. Hili ni neno gani?"

Tajiri alikuwa amekitazama kitambaa kwa mara ya kwanza, na shingo yake ilianza kubadilika rangi. Yule kijana wa Njoro akasimama polepole, akainama juu ya meza, akaanza kusogeza sahani mojamoja kama mtu anayetafuta pesa iliyomwanguka.

"Dada," aliniita kwa Kiswahili, "hivi vipande vimetoka wapi?"

"Kwenye mabawa, bwana," nilisema kwa fahari. "Ndivyo nilivyokata nilipotia viraka."

"Na maneno?"

"Ni kitu kilichochana. Huyu ni heroe, mguu wake uliingia hapa. Huyu heroe, mdomo. Hii ni mvua ya mawe. Huu mwiba, ndege ilipotua Kabazi shambani. Huyu heroe. Huyu pia. Huyu alikuwa mkubwa, niliziba siku mbili."

Nilieleza kipande kimoja baada ya kingine, maana hakuna aliyewahi kuniuliza kuhusu kazi yangu, nami nilikuwa na mengi ya kusema. Kijana alikuwa akifasiri. Bwana wa Nairobi alitoa kalamu akawa anaweka vistari kwenye karatasi. Viraka vilikuwa kumi na sita. Heroe walikuwa kumi na mmoja. Mwenye masharubu alijifunika uso kwa kofia, mabega yakawa yanatikisika, na nilidhani analia mpaka nikasikia kicheko. Rubani mwembamba, ambaye sikuwahi kumsikia akisema maneno matano, alisema kwa sauti ya upole, "Tajiri, umetaka tundu moja."

"Nani naweka hii kitu hapa?" tajiri alinguruma.

"Ni mimi, bwana. Umesema mzuri sana."

Alininyooshea kidole mlangoni. "Wewe kwenda! Kesho hapana kuja!"

Nilitoka. Kitambaa cha mama kilibaki chini ya sambusa. Nilitembea kutoka uwanjani mpaka landhi nikilia kwa sauti, na watu waliokuwa njiani walinipisha. Nililia kwa hasira zaidi kuliko kwa huzuni. Nilikuwa nimefanya kama nilivyoambiwa, tena vizuri, na nimefukuzwa kwa hilo. Baba alinisikiliza mpaka mwisho. Hakuuliza barua iko wapi. Alichukua kamba ya pili akaanza kufunga sanduku langu la nguo, na kamba hiyo iliniuma kuliko kidole cha tajiri.

Asubuhi yake, hata uji haujapoa, baiskeli ilisimama mlangoni. Alikuwa fundi, kilemba kimelegea kwa haraka.

"Wewe umelala nini? Ndege iko chini! Marubani wanakunywa chai, tajiri anazunguka uwanja, daktari anangoja, vifaranga wanalia!"

"Nimefukuzwa," nikasema.

"Umefukuzwa na nani? Sikiliza." Akaeleza huku baba amesimama na kamba mkononi. Baada ya mimi kutoka, bwana wa Nairobi alisema wazi kwamba watu wake hawawezi kuiwekea bima ndege inayoruka chini katikati ya heroe, iwe kwa mkataba au bila mkataba. Basi safari za chini zikafa pale pale, na ubishi wa wiki saba ukafa nazo. Bila zile safari kampuni ingeweza kulipia ndege moja mpya, si mbili. Tajiri alikubali moja. Marubani wakachukua kalamu. Lakini kabla ya kutia sahihi, mwenye masharubu alisema kuna sharti la nne: kila tundu liandikwe kwenye daftari, na asubuhi ndege yoyote isiruke kabla mshonaji hajaizunguka, akaikagua, akatia sahihi.

"Tajiri alikuwa amechoka, akaandika ndiyo," fundi alimalizia. "Leo wamemuuliza, mshonaji yuko wapi? Panda nyuma."

Nilipanda. Uwanjani marubani walisimama wote watatu na kuvua kofia, jambo ambalo halikuwahi kunitokea na sijui kama limenitokea tena. Daftari lilikuwa juu ya meza, na kitambaa cha mama kilikuwa kimekunjwa vizuri juu ya mkataba. Nilizunguka ndege ya kwanza, nikagusa kila mshono kwa subana yangu, kile kikofia cha chuma cha kidole cha mshonaji. Nikazunguka ya pili. Zilikuwa nzima. Tajiri alinipa kalamu.

"Tia sahihi. Upesi!"

Nilishika kalamu. Nilikuwa nimewasikiliza wale marubani Jumatatu saba mfululizo, na hata mwenye Kiingereza nusu huwa anaokota jambo. Niliiweka kalamu chini, nikanyoosha mkono wazi.

"Barua iko wapi?"

Vifaranga walilia. Daktari alitazama saa. Tajiri alinitazama mimi, akawatazama marubani, na marubani wakatazama mawingu juu ya Menengai kana kwamba ni mapya. Kisha yule mtu mnene akacheka, akacheka mpaka akashika meza, akaketi akaandika barua kwa mkono wake mwenyewe. Sikutia sahihi mpaka nilipoona muhuri.

Jioni nilimwekea baba barua mkononi. Aliisoma mara mbili, akaigeuza nyuma kuona kama kuna kitu kingine, akafungua kamba ya sanduku langu. Mama aliuliza kuhusu mwalimu, na baba akamwambia amtafutie mwalimu mtu mwingine. Siku ya treni nilisimama stesheni nikiwapungia mkono, nikalia tena, lakini hicho kilikuwa kilio cha namna nyingine na nilikifurahia. Nilipata chumba kwa barua ile, na ufunguo wangu mwenyewe.

Ndege mpya ilifika mwezi wa kumi na moja. Tulipanga mstari kuitazama ikitua. Ilikuwa nzuri, na iliposimama niliinua subana yangu nikagonga bawa, nikasikia sauti ya sufuria. Lilikuwa bati. Ilikuwa bati kuanzia pua mpaka mkia, hakuna uzi hata mmoja. Katika wiki zile zote saba hakuna aliyefikiria kuniambia, na mimi sikufikiria kuuliza. Tajiri alinitazama, nami nikamtazama. Mwenye masharubu akakohoa, akatoa nakala ya mkataba mfukoni, akasoma kwa sauti: ndege yoyote.

Basi niliizunguka. Kila asubuhi kwa miaka miwili niliizunguka ndege ya bati, nikaigonga kwa subana kila mahali, nikatia sahihi kwamba haijachanika. Za kitambaa nazo zilikuwa hazichaniki tena, maana zilikuwa hazishuki ziwani. Katika saa zile za kukaa bure nilimshonea mama kitambaa kingine kwa kitani kipya, kwa kuwa kile cha kwanza marubani walikataa kukiachilia. Walikifungia pamoja na mkataba.

Krismasi ile marubani walipumzika siku tatu na ndege zikalala, nami nikaenda nyumbani na zawadi. Mama alikitandaza kitandani, akakipapasa, akaonekana hakuridhika. "Na yale maneno mekundu uliyotusimulia, yako wapi?"

"Hakuna kilichochana, mama."

Baba alikuwa mlangoni akiwaeleza majirani, kwa sauti ambayo hata mtoni ilisikika, kwamba bila binti yake, Nakuru hakuna kitu kinachoruka. Siku ya tatu, bado giza, nilihisi mkono ukinitikisa. Sanduku langu lilikuwa limeshafungwa kamba, na baba alikuwa amelishika, amevaa koti lake la reli.

"Amka, mama," alisema. "Marubani wanakungoja."